Maneno Huumba, Lakini Je, Hupunguza Umri? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Matumaini na Maisha Marefu

Katika toleo lililopita tulichapisha aya mbili tu kuhusu tafiti zinazohusisha matumaini na urefu wa maisha. Barua zilizotufikia baada ya hapo zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa na uchungu usioweza kujibiwa kwa aya mbili. Tumechagua tano. Majina ya waliotuandikia tumeyahifadhi.

Shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 67 na ninaishi naye Tanga. Tangu baba alipofariki, miaka mitatu iliyopita, kila jambo analiona kwa ubaya wake. Mvua ikinyesha, anasema paa litaanguka. Mjukuu akikohoa, ni kifua kikuu. Nikimnunulia kanga, ananiuliza nani ataivaa akishafukiwa. Jirani humkemea kwamba anajichuria. Mimi nilikuwa nikicheka, lakini niliposoma kwamba wanaotarajia mabaya hufa mapema, niliingiwa na hofu. Je, maneno yake yanampunguzia siku? Nimkataze kuyasema?
*Binti wa Tanga*

Marahaba, binti. Barua yako imebeba maswali mawili yaliyofungwa pamoja, nami naomba niyafungue kwanza. Moja ni la uchuro, yaani imani kwamba jambo baya likitamkwa huwa limeitwa. Jingine ni la kile ambacho watafiti wamekipima, na hicho ni kitu tofauti kabisa. Hojaji inayotumiwa zaidi katika tafiti za aina hii ilitungwa na Wamarekani wawili, Michael Scheier na Charles Carver, mwaka 1985, kisha ikarekebishwa mwaka 1994. Ina kauli kumi. Nne ni za kujazia tu, ili anayejibu asitambue anapimwa nini. Tatu hupima iwapo mtu hutarajia mema, na tatu hupima iwapo hutarajia mabaya. Hakuna hata moja inayouliza kama mtu hulalamika, hununa, au huzungumzia kaburi mbele ya wajukuu. Kinachotafutwa ni kile mtu anachokiamini moyoni kuhusu kesho yake, na wapo watu wengi, hasa wazee wetu wa pwani, ambao ndimi zao hutaja mauti mara tano kwa siku ilhali mioyo yao imeshapanga mavuno ya mwakani.

Utafiti uliokutia hofu nadhani ni ule wa Kliniki ya Mayo, iliyoko jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2000. Kati ya mwaka 1962 na 1965 wagonjwa 839 walijaza hojaji ndefu ya tabia, na watafiti wakafuatilia kwa miaka 30 ni nani aliyefariki na ni nani aliyebaki. Walikuta kwamba kila mtu alipozidi kwa alama 10 katika kipimo cha kutarajia mabaya, hatari yake ya kufa ilipanda kwa asilimia 19. Tarakimu hiyo ikisomwa harakaharaka, mtu hudhani kwamba mama yake amekatwa sehemu ya tano ya umri wake. Sivyo inavyosomwa. Tuseme kuna watu 100 wa rika moja, na katika kipindi fulani wangetarajiwa kufariki 10. Ongezeko la asilimia 19 lingefanya wafariki takriban 12. Kwa taifa zima hilo ni jambo zito. Kwa mama mmoja aliyekaa barazani kwako, tarakimu hiyo haikuambii chochote kuhusu siku zake. Isitoshe, kati ya wale 839, waliohesabiwa kuwa watu wa matumaini walikuwa 124 tu na wa kutarajia mabaya 197. Waliosalia, 518, walikuwa na haya na yale, kama tulivyo wengi wetu.

Utafiti ninaoupa uzito zaidi kwa ajili ya swali lako ni wa Australia, uliochapishwa mwaka 2020. Watu wapatao 3,000 waliozidi umri wa miaka 50 walijibu hojaji kati ya mwaka 1993 na 1995, na majibu yao yakalinganishwa na daftari la taifa la vifo hadi mwaka 2017. Watafiti walifanya jambo la busara: badala ya kuchukua matumaini na kukata tamaa kama ncha mbili za kamba moja, walizipima kauli tatu za mema peke yake na kauli tatu za mabaya peke yake. Waliotarajia mabaya sana walikufa mapema zaidi kuliko wenzao. Lakini waliotarajia mema sana hawakuishi zaidi kuliko wale waliokuwa na matarajio ya wastani. Kwa maneno mengine, madhara yalikuwa katika kukata tamaa, na kuchangamka kupita kiasi hakukuongeza siku. Ukilichukua hilo kwa uzito, huna haja ya kumgeuza mama yako awe mtu wa vicheko. Inatosha asiwe mtu aliyekata tamaa, na hiyo ni kazi ndogo zaidi, na ya adabu zaidi, kuliko kumkataza mtu mzima kusema.

Sasa, kukata tamaa huingiaje mwilini? Njia moja ni ya moja kwa moja: mwili unaoishi katika msongo wa muda mrefu hutoa homoni zinazopandisha presha na kuuweka moyo kazini hata usiku. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti 15 za watu zaidi ya 229,000, ulikuta kwamba wenye matumaini walipata maradhi ya moyo na kiharusi kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 35, na vifo vya sababu zote kwa takriban asilimia 14. Njia ya pili ni ya kawaida kabisa, na ndiyo ambayo wewe unaweza kuiona kwa macho. Mtu anayeamini kwamba hana muda hana sababu ya kumeza kidonge cha presha leo. Hana sababu ya kupanda daladala kwenda kliniki, ya kupunguza chumvi, ya kutembea hadi kwa shoga yake, wala ya kung'oa jino linalomsumbua. Haya hayafanyiki kwa siku moja. Huachwa moja baada ya jingine, na kila moja lina sababu inayosikika vizuri.

Kwa hiyo, usimpime mama kwa anachosema. Angalia anachokiacha. Akisema paa litaanguka kisha akamwita fundi, huyo ni mwenye nyumba anayejua mvua za masika. Akisema paa litaanguka na akahamisha kitanda chake akalala karibu na beseni la kukingia maji, hapo tuna jambo la kuzungumza. Katika barua yako ya kurasa mbili hukuniambia kama anakula vizuri, kama analala, kama bado anakwenda kwenye shughuli za mtaani, kama kanga ile aliishia kuivaa. Mjane wa miaka mitatu anayeamka alfajiri bila usingizi, aliyepoteza hamu ya chakula na ya watu, na ambaye hali hiyo imemganda kwa zaidi ya wiki mbili, huenda ana sonona, ambayo ni ugonjwa na inatibika. Hilo si la jirani kulikemea. Mpeleke hospitali, na ukifika useme waziwazi kwamba hukumleta kwa ajili ya magoti.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Becca Levy na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2002 kuhusu watu 660 wa mji mdogo katika jimbo la Ohio, walikuta kwamba waliouona uzee wao kwa wema waliishi kwa wastani wa miaka 7.5 zaidi kuliko waliouona kwa ubaya. Moja ya mambo waliyoulizwa ni kama mtu anapozeeka hupungukiwa na manufaa. Katika nyumba zetu sisi wenyewe ndio tunaowafundisha wazee jibu la swali hilo. "Mama kaa tu, utachoka." "Acha, msichana atapika." Tunasema kwa mapenzi, na tunamnyang'anya ufagio, mwiko, na funguo za kabati, kisha tunashangaa anapoulizia nani ataivaa kanga. Mrudishie kazi moja ambayo nyumba haiwezi kwenda bila yeye.

Assalaam aleikum. Mimi na kaka yangu tuna duka la vipuri vya magari hapa Mombasa. Kaka ni mtu wa "mambo shwari". Alipimwa presha kwenye kambi ya bure, akaambiwa iko juu, na hajarudi tena. Anasema maradhi huwapata wanaoyafikiria. Mimi ni mwenye wasiwasi: nina bima, nina akiba ya hospitali, na hata nikisafiri kwenda Malindi nabeba dawa za tumbo. Nilipomkumbusha hadithi ya yule bedui aliyeambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, alinicheka, akasema hata magazeti yameandika kwamba yeye ataishi zaidi yangu. Je, ni kweli?
*Mwenye duka, Mombasa*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kaka yako amesoma gazeti nusu.

Mwaka 1921, huko California, ulianza utafiti wa watoto wapatao 1,500 wenye akili nyingi, ambao uliendelea kuwafuata katika ndoa zao, kazi zao, na hatimaye vyeti vyao vya kifo. Wazazi na walimu waliwaeleza watoto hao: nani ni mchangamfu na mwenye mizaha, nani ni mwangalifu, nani ni mzembe. Miongo kadhaa baadaye mwanasaikolojia Howard Friedman na wenzake walipolinganisha maelezo hayo na umri wa kufa, walikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Watoto wachangamfu zaidi walikuwa wamekufa mapema kidogo kuliko wengine. Walipokua walivuta sigara zaidi, walikunywa pombe zaidi, na walijiingiza katika hatari kirahisi zaidi. Walioishi miaka mingi walikuwa wale waangalifu, wenye kutimiza ahadi, wanaohifadhi risiti. Unajitambua hapo?

Nchini Ujerumani, Frieder Lang na wenzake walitumia takwimu zilizokusanywa kati ya mwaka 1993 na 2003, ambamo watu waliulizwa wanaridhika kiasi gani na maisha yao ya sasa na wanatarajia kuridhika kiasi gani baada ya miaka mitano. Miaka mitano ilipopita waliulizwa tena. Wazee waliokuwa wamejitabiria makubwa kuliko yaliyowafika walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya ulemavu na ya kifo kuliko wale waliokuwa na matarajio ya chini. Maelezo moja ya watafiti ni kwamba mzee anayeiona kesho kuwa na mashaka hujihadhari zaidi.

Msomaji makini ataniuliza: je, hii haipingani na niliyomwambia binti wa Tanga? Inaonekana hivyo kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku tunakusanya mambo mawili katika kapu moja. Wanasaikolojia Julie Norem na Nancy Cantor, katika miaka ya 1980, waliwatambua watu ambao huwaza mabaya kama njia ya kujiandaa. Mtu wa namna hiyo huketi usiku kabla ya safari akajiuliza gurudumu likipasuka itakuwaje, na baada ya kujiuliza hutia gurudumu la akiba, kisha hulala. Hofu yake humpeleka kwenye tendo. Aliyekata tamaa naye huwaza gurudumu lilelile na huacha safari, au husafiri bila gurudumu la akiba kwa kuwa lililoandikwa limeandikwa. Kaka yako, kwa uchangamfu wake wote, amefika mahali palepale alipofika aliyekata tamaa: hakurudi kupima presha. Presha haina habari na tabia ya mtu. Ikiwa inasoma 140 kwa 90 au zaidi kila inapopimwa, inaharibu mishipa ya mcheshi kama inavyoharibu ya mnunaji, nayo hufanya hivyo kwa miaka mingi bila kuuma popote.

Mfunge ngamia wake kwa niaba yake. Kipimo cha mkononi kinauzwa katika maduka mengi ya dawa. Kiweke dukani juu ya kaunta, ujipime wewe kwanza kila asubuhi mbele yake, na usiseme neno. Wafanyabiashara hawapendi kushindwa na namba za mwenzao.

Nawe pia nikuombe kitu kimoja. Wasiwasi una manufaa mpaka pale unapokuwa umeshafanya ulichopaswa kufanya. Ikiwa bima imelipwa, akiba ipo, dawa za tumbo zimo mfukoni, na bado unaamka saa tisa za usiku kuhesabu maafa, hiyo haimfungi tena ngamia yeyote. Lizungumze na daktari.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, Dodoma. Naona kosa la wazi katika tafiti hizi zote. Mwenye afya ana sababu ya kuwa na matumaini, na mgonjwa ana sababu ya kutokuwa nayo. Kwa hiyo ugonjwa ndio unaoua, na kukata tamaa ni dalili tu. Mnajibu nini?
*Mwalimu*

Tunajibu kwamba laiti waandishi wote wa habari za afya wangefundishwa na wewe. Pingamizi lako ndilo kubwa kuliko yote, na katika baadhi ya tafiti limeshinda. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wanawake wa Uingereza zaidi ya 700,000, waliofuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Mwanzoni ilionekana kwamba wasio na furaha walikuwa wakifa zaidi. Watafiti walipoondoa athari ya maradhi ambayo wanawake hao walikuwa nayo tangu mwanzo, pamoja na sigara na hali ya maisha, tofauti ilitoweka kabisa. Ugonjwa ulikuwa umewanyima furaha, na ugonjwa huohuo ndio uliowaua. Zingatia tu kwamba utafiti huo uliuliza kuhusu furaha, yaani unajisikiaje sasa, wala haukuuliza kuhusu matarajio.

Ili kulitatua tatizo lako tunahitaji watu wanaoishi maisha yanayofanana, na waliopimwa nyoyo zao wakiwa vijana wenye afya, kabla uzee haujaanza kuwapangia majibu. Ni vigumu sana kuwapata watu kama hao, isipokuwa katika nyumba ya watawa. Katika miaka ya 1930 watawa wa Kikatoliki wa shirika moja nchini Marekani waliagizwa kuandika kwa mkono historia fupi ya maisha yao. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Karatasi hizo zilihifadhiwa kabatini kwa takriban miaka 60, mpaka Deborah Danner, David Snowdon na mwenzao mmoja walipozifungua na kuhesabu, katika maandishi ya watawa 180, maneno ya furaha, shukrani, upendo na matarajio mema. Watawa hao walikuwa wamekula chakula cha namna moja na kuishi katika nyumba za namna moja. Hawakuvuta sigara, hawakuzaa, walipata matibabu yanayofanana. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba robo ya watawa walioandika kwa hisia njema chache zaidi walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya robo walioandika kwa hisia njema nyingi zaidi. Ugonjwa wa uzeeni haukuweza kuongoza kalamu ya msichana wa miaka 22.

Hilo halifungi mjadala, maana watawa 180 ni wachache na huenda kalamu changamfu ilikuwa dalili ya mwili wenye nguvu tangu kuzaliwa. Lakini linalifanya pingamizi lako lisitoshe peke yake. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata zimejitahidi kukujibu kwa takwimu: ule wa mwaka 2019 uliowahusisha wauguzi wanawake zaidi ya 69,000 na wanaume 1,429 wa Marekani, ambamo wenye matumaini zaidi waliishi kati ya asilimia 11 na 15 zaidi, na ule wa mwaka 2022 wa wanawake 159,255, ambamo tofauti ilishuka hadi takriban asilimia 5.4. Huu wa mwisho una faida mbili. Uliwahusisha Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na Asia, na ulikadiria kwamba mwenendo wa maisha, kama mazoezi na chakula, ulieleza takriban robo tu ya uhusiano huo. Waambie wanafunzi wako waangalie jinsi namba inavyopungua kadiri sampuli inavyokua na kuchanganyika. Ni somo zuri la takwimu.

Dada yangu alifariki mwaka jana kwa saratani ya koo, Nairobi. Siku za mwisho alichoka, akasema hataki tena kudanganywa kwamba atapona. Sasa katika familia kuna wanaosema kwamba angekuwa na fikra njema angepona, kwamba yeye mwenyewe alikubali kufa. Mama anayasikia maneno hayo. Niwajibu nini?
*Kaka mtu*

Pole sana, ndugu, wewe na mama. Wajibu kwamba jambo hilo limechunguzwa, na wanachosema si kweli. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, ambamo koo limo, waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi. Hali ya hisia zao ilipimwa mwanzoni mwa matibabu, kisha wakafuatiliwa. Hisia njema hazikumwongezea mgonjwa yeyote nafasi ya kuishi, na hisia za huzuni hazikumpunguzia. Miaka mitatu kabla ya hapo, uchunguzi wa Australia kwa wagonjwa 179 wa saratani ya mapafu ulikuta vivyo hivyo kuhusu matumaini: walioyashikilia sana na walioyashikilia kidogo hawakutofautiana katika muda wa kuishi.

Haya hayapingani na yaliyotangulia katika safu hii. Mtu mzima anayeishi kwa miaka 30 akiamini kwamba kesho ipo hufanya maelfu ya mambo madogo yanayomlinda. Uvimbe uliokwisha kushika hausikilizi mambo hayo. Kulichukua lile la kwanza na kumbebesha nalo mgonjwa wa la pili ni kumhukumu mara mbili, na ninasikitika kwamba sisi wa magazeti tumechangia kwa vichwa vya habari vyetu.

Dada yako aliomba asidanganywe. Huko kuona jambo lilivyo kunastahili heshima kamili, na mama anastahili kusikia hivyo kutoka kwako, mbele ya hao wasemaji.

Nina miaka 52, ni mkulima, Kigoma. Mimi ni mtu wa kutarajia mabaya, na baba yangu alikuwa hivyohivyo. Je, hurithiwa? Na je, mtu wa umri wangu anaweza kubadilika? Naongeza tu kwamba baba alitabiri kifo chake kila mwaka wakati wa kupalilia, akaishi hadi miaka 88, na mwaka aliofariki alikuwa amelima.
*Mkulima*

Hurithiwa kwa kiasi. Uchunguzi wa mapacha wa Sweden uliochapishwa mwaka 1992, ukiwamo wa mapacha waliolelewa mbalimbali, ulikadiria kwamba takriban robo ya tofauti kati ya watu katika matumaini hutokana na urithi. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na malezi, yaliyokufika, na mazoea, na mazoea hubadilika hata katika umri wako.

Zoezi lililojaribiwa zaidi ni jepesi. Mtu huandika jinsi maisha yake yatakavyokuwa iwapo mambo aliyoyahangaikia yatakwenda vizuri, kisha huyatafakari kwa muda mfupi kila siku. Huko Uholanzi, waliofanya hivyo kwa dakika tano kila siku kwa wiki mbili waliongezeka matumaini kuliko waliotafakari shughuli zao za kawaida. Wala siwezi kukuahidi kwamba zoezi hilo litakuongezea hata mwezi mmoja wa kuishi, maana kuongeza matumaini ni jambo moja na kuongeza umri ni jingine. Jambo la pili ni kusikiliza jinsi unavyojieleza mambo yanapoharibika. Mahindi yakiliwa na viwavi, kuna anayesema "mimi sina bahati na sitakuwa nayo kamwe", na kuna anayesema "mwaka huu nilichelewa kukagua". Wa pili anaweza kukagua mapema mwakani. Wa kwanza amejifungia mlango.

Kuhusu baba yako: takwimu ni za wengi, na daima atakuwapo mzee wa Kigoma atakayezivuruga. Lakini mtu anayesema atakufa kabla ya mavuno kisha akashika jembe akapalilia, miaka yote hiyo, mimi nisingemweka katika kundi la waliokata tamaa. Ningetaka kujua alipanda nini mwaka ule wa mwisho.